Sura ya Nne: Bidoni na Mpira

Kutoka mjini Beni, Kivu Kaskazini, hadi Mangina ni kilomita 30 hivi kuelekea magharibi, na asubuhi wengi huenda barabara hiyo kwa miguu. Akina mama wamebeba vikapu vya mihogo mgongoni, mkanda umekaza kwenye paji la uso. Wavulana wanasukuma chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedeli ambayo kule Goma imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Chukudu zao zimelemewa kuni au magunia. Wasichana wana mabidoni ya njano. Kila mmoja ana safari yake, na hakuna hata mmoja wao unayeweza kumwambia kwamba hafanyi mazoezi.

Tumtazame msichana mmoja wa miaka 13, mfano wa wengi. Bidoni la lita 20 likijaa lina kilo 20 na ushei. Kifuniko kilishapotea, kwa hiyo amelizibia kwa jani la mgomba lililokunjwa. Analipandisha kwanza gotini, kisha kifuani, halafu mwenzake anamsaidia kulitua juu ya kata ya kitambaa. Shingo inanyooka. Macho yanatazama mbele tu, maana akigeuza kichwa maji yatapenya pembeni mwa jani na kumlowesha bega. Kwenye mwinuko anahemea mdomoni. Akifika nyumbani anatua, anamimina, anarudi mtoni. Baada ya safari ya pili ndipo anavaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu na kuelekea shuleni, kwa miguu tena.

Mnamo Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi wa Kivu tumelizoea kwa herufi za Kifaransa, OMS, lilitoa mwongozo mpya: mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli za kumfanya aheme, na angalau siku tatu kwa wiki awe na shughuli nzito zaidi, pamoja na zile za kuimarisha misuli na mifupa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jarida la The Lancet Child & Adolescent Health lilikuwa limechapisha hesabu ya wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi na maeneo 146. Mwaka 2016, vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Wavulana walikuwa 78 katika kila 100, wasichana 85. Nchi tajiri na nchi maskini, zote zilikuwa na upungufu.

Kwa kipimo cha dakika, msichana wetu amefaulu kabla kengele ya kwanza haijapigwa. Moyo wake una nguvu, mapafu yake yana nguvu, na mifupa yake inakomaa kwa uzito inaobeba. Hata hivyo, ukimuuliza maisha yake yakoje, usitarajie jibu la mtu aliyefaulu. Shingo inamuuma. Amechoka darasani. Hakumbuki lini alikimbia kwa sababu tu alitaka kukimbia.

Kati ya wingi wa mwendo wake na uchache wa furaha yake kuna pengo, nalo ndilo shabaha ya sura hii.

Wataalamu wa OMS walipokaa katika miaka ya 1990 kueleza maana ya ubora wa maisha, hawakuanza na kipato wala na damu ya mgonjwa. Walianza na mtu mwenyewe: anavyoiona nafasi yake maishani, katika utamaduni anamoishi, akiilinganisha na malengo yake, matumaini yake na wasiwasi wake. Tangu hapo, anayetaka kujua ubora wa maisha ya kijana balehe hana budi kumuuliza. Unalala vizuri? Una rafiki wa kumweleza mambo? Una muda wako? Unaogopa? Maswali kama haya hayajibiwi kwa kuhesabu hatua alizotembea.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Rhiannon White, walikusanya tafiti nyingi na kuuliza jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita: je, mwendo wa mwili una faida ileile kwa nafsi popote unapofanyika? Jibu lilikuwa hapana. Mwendo wa wakati wa mapumziko, yaani michezo, ngoma, matembezi na marafiki, uliambatana na nafsi iliyo nzuri zaidi. Mwendo wa kazi uliambatana na matatizo zaidi ya afya ya akili, na kazi za nyumbani hazikuonyesha faida iliyo wazi. Msuli ni uleule, jasho ni lilelile, lakini nafsi inauliza nani ameamua, tunafanya na nani, na itaisha lini.

Bidoni haliulizi kama unataka. Mpira unakuita, nawe unaweza kukataa, na ndiyo maana kuukubali kuna raha.

Simsemi vibaya mzazi anayemtuma mtoto maji. Familia isiyo na bomba haina hiari, na mtoto wa Kivu anayejua kubeba, kulima na kupika amelelewa vizuri. Kuna heshima ndani yake, na kuna faida ya kujiona unategemewa. Ninachosema ni kwamba kazi haiwezi kushika nafasi ya mchezo. Tukishasema "watoto wetu hawana haja ya michezo, wanatembea vya kutosha", tumempa mtoto chumvi tukidhani tumempa chakula.

Sasa turudi Mangina, kwa sababu mahali hapa palipitia jambo lililoonyesha thamani ya mchezo kwa njia ya kuuondoa.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Kitovu cha kwanza kilikuwa Mangina, ndani ya zoni ya afya ya Mabalako. Ugonjwa ukasambaa Beni, Butembo, Katwa na kwingineko, ukapungua Mabalako, ukarudi tena. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto.

Katika miezi hiyo karibu 23, somo la kwanza ambalo kila mtoto alijifunza ni kutogusana. Mkono uliacha kutolewa. Watu walisalimiana kwa kiwiko. Kwenye vizuizi vya barabarani uliteremka, ukanawa maji ya klorini, ukaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, ukasubiri namba. Ebola huambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na jasho lilitajwa miongoni mwake. Sasa fikiria mchezo wa mpira wa miguu wa vijana wa miaka 14: kusukumana, kuangukiana, kukumbatiana bao likiingia. Kila furaha ya mchezo ule ilikuwa imegeuzwa kuwa onyo. Mzazi aliyemzuia mwanawe asiende uwanjani hakuwa mkali. Alikuwa anataka kumwona kesho.

Kwa aliyewahi kukaa karibu na mgonjwa, kulikuwa na siku 21. Kila siku mtu wa afya anakuja kumpima joto, anaandika, anaondoka. Kijana akawa anatazamwa na mtaa mzima kama moto ambao haujulikani kama umezimika. Siku 21 ni chache kwa mtu mzima mwenye shughuli. Kwa mtoto wa miaka 12 ambaye rafiki zake wanapita njia nyingine wasikutane naye, ni nyingi mno. Na hesabu ilianza upya kila alipomkaribia mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo tunapoona kilichomo ndani ya mchezo zaidi ya mapafu na misuli. Kijana balehe anajitoa kidogo kidogo kwenye mgongo wa mama na kutafuta rika lake. Rika hilo halikutani kwa kikao. Linakutana kwa kufanya kitu pamoja. Uwanjani anajifunza kukubaliwa: kuitwa jina, kupasiwa, kulaumiwa na kusamehewa kabla jua halijazama. Ukiondoa mchezo kwa miaka miwili katika umri ule, dakika za mazoezi zinaweza kufidiwa baadaye. Miaka ile ya kupokelewa na wenzake ni vigumu zaidi kuifidia.

Kisha mambo yakapandana. Septemba 2019, katikati ya ugonjwa, elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure, jambo jema tulilolisubiri kwa miaka mingi, na madarasa yakafurika kuliko ua wa shule unavyoweza kubeba. Machi 2020, Ebola ikiwa inakaribia mwisho, Korona ikafunga shule za nchi nzima. Mwaka 2021 Ebola ilirudi mara mbili: Februari katika eneo la Butembo, Oktoba Beni.

Na chini ya hayo yote palikuwa na vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamekuwa yakirudia vijiji na vitongoji vya Beni. Na jioni zetu ni fupi: ikweta inapita kusini kidogo ya Butembo, kwa hiyo huku mwaka mzima giza linaingia saa kumi na mbili na dakika chache. Mtoto anatoka shuleni mchana, anakula kikiwapo, anakwenda maji au shamba la kakao, na anaporudi kunabaki saa moja ya mwanga, pengine moja na nusu. Saa hiyo ndiyo ya mchezo. Na ndiyo saa ambayo mama, kwa sababu anazozijua, anataka kila mtu awe ndani ya uzio. Uwanja ulio pembeni mwa kijiji, unaopakana na migomba na msitu, umekuwa mahali pa kuangalia nyuma kila mara. Mtu hachezi huku anaangalia nyuma.

Je, michezo inaweza kuwatibu vijana waliopitia haya? Hapa ninamwomba msomaji asikimbilie jibu, kwa sababu mashirika mengi yameleta mipira na fulana kwa imani kwamba mpira wenyewe ni dawa.

Upo ushahidi mzuri. Mwaka 2023 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi wa majaribio 21 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 2,400. Mazoezi yalipunguza dalili za huzuni, hasa yalipofanywa mara tatu kwa wiki na bila kusimamiwa. Sababu zake si uchawi: mwili uliochoka vizuri hulala vizuri, usingizi hutuliza hofu, damu hufika kwenye ubongo kwa wingi, na kijana anayejiona anaweza leo jambo alilolishindwa wiki iliyopita huanza kujiamini katika mengine.

Lakini upo pia ushahidi wa jirani zetu, na huo ndio uliobadili mawazo yangu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, ni mji uliotoka katika vita vya waasi wa LRA, na watoto wake waliyajua mambo ambayo watoto wa Beni wanayajua. Watafiti wakiongozwa na Justin Richards walifuatilia ligi ya mpira ya wiki 11 iliyoandaliwa kwa ajili ya amani na afya ya watoto wa miaka 11 hadi 14. Waliwapanga wavulana kwa bahati nasibu, wengine wacheze papo hapo, wengine wasubiri, ili kulinganisha kwa haki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ligi haikuongeza nguvu za mwili. Kwa wasichana haikuonyesha mabadiliko ya nafsi. Wavulana waliocheza walikuwa na dalili mbaya zaidi za huzuni kuliko wenzao waliobaki nje.

Nilipoyasoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Baadaye nikajiuliza: ligi ni nini kwa mtoto ambaye tayari ameshindwa mengi? Ni orodha, ni pointi, ni kushinda na kushindwa mbele ya kijiji kizima, ni kuachwa kwenye benchi. Mtoto aliyefiwa anabebeshwa jukumu la timu. Kwa mtoto aliyetulia, ushindani ni bizari ya mchezo. Kwa aliyeumia, unaweza kuwa bidoni jingine kichwani. Hiyo ni tafsiri yangu, si hukumu ya watafiti, ila inapatana na yale tuliyokwisha kuyaona: nafsi inauliza nani ameamua, na mchezo ambao umeamuliwa, umepangwa na unapimwa na wakubwa unaanza kufanana na kazi.

Tuangalie basi mchezo ambao hakuna mkubwa aliyeuleta. Katika Kongo zote mbili wasichana wanacheza nzango. Wanajipanga safu mbili, wanatazamana, wanapiga makofi na kuimba. Mmoja wa kila safu anatoka mbele. Wanaruka kwa mdundo wa makofi, na mguu unapotua mbele, wote wawili wameshatoa siri yao: miguu ikifuatana kwa namna moja, pointi inakwenda huku, ikipishana, inakwenda kule. Kila kitu kinaamuliwa ndani ya kufumba na kufumbua. Anayeshinda anaendelea kuruka, jasho linamtoka, sauti za wenzake zinapanda. Hauhitaji mpira, wala viatu, wala uwanja mkubwa. Ukubwa wa sebule unatosha. Mwaka 2015, Michezo ya Afrika ilipofanyika Brazzaville, nzango uliingizwa kama mchezo wa maonyesho, na wanawake wazima walicheza mbele ya wageni wa bara zima mchezo waliouanza kwenye ua wa shule.

Kwa daktari, nzango ni dakika za kuruka zinazoimarisha mifupa katika umri ambao mifupa inajijenga zaidi. Kwa msichana, ni pahali anapoweza kupiga kelele. Nilisema wasichana 85 katika kila 100 hawafikii kiwango cha mwendo duniani. Huku kwetu mwendo wanao. Wanachopoteza mapema ni ruhusa. Akifika miaka 12 au 13 anaambiwa amekuwa mkubwa, akae vizuri, afunge kitenge. Hedhi inaanza na choo cha shule hakina maji. Kaka yake anaachwa akimbie hadi jua litue. Yeye anaitwa jikoni. Hakuna aliyekaa akapitisha uamuzi wa kumnyima mchezo, lakini ukijumlisha yote, amenyimwa.

Kuna kundi jingine ambalo mwalimu wa mazoezi lazima alijue: vijana waliopona Ebola. Huku wanaitwa washindi, na jina hilo wanalistahili. Lakini baada ya kupona, wengi wa waliougua ugonjwa huu hubaki na maumivu ya viungo, uchovu mzito, na wengine matatizo ya macho. Kijana aliyekuwa beki hodari anarudi uwanjani, anakimbia dakika kumi, magoti yanakataa. Wenzake wanadhani anajivuta, au mbaya zaidi, wanasogea mbali naye. Asilazimishwe na asiachwe. Aanze kwa kutembea, aongeze kidogo kidogo, macho yapimwe, na apewe kazi ndani ya mchezo: awe mwamuzi, awe mfundishaji wa wadogo. Kurudishwa katikati ya wenzake ni sehemu ya kupona kwake, sawa na vidonge.

Mfano wa kuuandaa mchezo vizuri uko jijini Nairobi: katika mtaa wa mabanda wa Mathare, tangu 1987 chama cha michezo cha vijana, MYSA, kimekuwa kikihesabu usafi wa mtaa pamoja na mabao: timu inayotoka kufagia taka inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Ninachokipenda zaidi ni kwamba vijana wenyewe wamepewa nafasi ya kuongoza. Hilo linaweza kufanyika Mangina au Butembo bila kusubiri mradi. Butembo ina wapenda mpira wa kutosha. Mji uliopeleka timu ya Nyuki kwenye ligi ya taifa hauhitaji kufundishwa kuupenda mpira.

Kinachohitajika ni vitu vidogo, na karibu vyote viko mikononi mwetu. Ua wa shule usiuzwe wala usijengwe vibanda mpaka watoto wakose pa kuruka. Somo la mazoezi lisigeuzwe kuwa saa ya kumlimia mwalimu shamba, kwa maana hapo tumemrudishia mtoto kazi kwa jina la mchezo. Michezo ya wadogo ifanyike katikati ya makazi, mchana, mahali mama anapoweza kuona kutoka mlangoni, na isiwe pembeni mwa msitu. Mashindano yawepo, lakini yasitangulie. Yatanguliwe na siku nyingi za kucheza tu, timu zikichanganywa upya kila jioni ili asiwepo mshinde wa kudumu. Wasichana wapewe saa yao, iandikwe kwenye ratiba ya shule kama hesabu na Kifaransa vinavyoandikwa.

Na neno la mwisho ni kwako, mama na baba wa Mabalako. Leo saa kumi alasiri binti yako atakapofika na bidoni la pili, msaidie kulitua. La tatu akalilete kaka yake, au litaletwa kesho. Mwambie aende kwa wenzake, pale unapoweza kusikia makofi yao, na usimwite mpaka giza lianze kuingia.